Ukuta Mfupi wa Barabara ya Nicollet

Mpita njia anayetoka soko la Karmel, kusini mwa Minneapolis, akaishika Barabara ya Lake kuelekea mashariki, hufika kwenye makutano ya Barabara ya Nicollet baada ya dakika chache tu. Karmel halihitaji kuelezwa kwa Waafrika Mashariki wa jimbo la Minnesota. Ni mahali pa mashungi na mazulia, pa chai ya viungo na sambusa, na pa wafanyabiashara Wasomali ambao wengi wao walipitia Nairobi, Mombasa au kambi za Dadaab na Kakuma kabla ya kuizoea theluji, na ambao baadhi yao hujibu kwa Kiswahili pindi mteja anaposalimu kwa lugha hiyo. Makutano ya Lake na Nicollet, kinyume chake, hayana cha kumsimamisha mtu. Sasa ni mahali pa nyumba za kupanga za bei nafuu. Kabla ya nyumba hizo palikuwa na benki, na kabla ya benki, kwa takriban miaka 60, palikuwa na uwanja wa besiboli ulioitwa Nicollet Park.

Uwanja huo ulijengwa kwa haraka ya mtu aliyefukuzwa. Timu ya Minneapolis, iliyojulikana kama Millers, yaani Wasagaji, kwa heshima ya vinu vya unga vilivyoutajirisha mji ule, ilikuwa ikichezea Athletic Park, kiwanja kidogo mno katikati ya mji, nyuma ya hoteli ya West. Mwaka 1896, msimu ukiwa umekwisha kuanza, ardhi ile ikauzwa na timu ikatakiwa kuondoka. Viti vya mbao vikasimamishwa upesi kusini mwa mji, mahali ambapo wakati ule palikuwa karibu na mwisho wa makazi, na mwezi Juni mwaka huo huo mchezo wa kwanza ukachezwa. Jina likatokana na barabara iliyopita pembeni, nayo barabara ilikuwa imepewa jina la Joseph Nicollet, Mfaransa aliyechora ramani ya sehemu za juu za mto Mississippi katika miaka ya 1830.

Haraka ile iliacha alama yake. Ili kuielewa, msomaji wa Afrika Mashariki anahitaji kuujua mchezo wenyewe kidogo. Kwetu besiboli ni mchezo wa mbali. Waganda ndio walioukaribia zaidi, maana mwaka 2011 timu ya watoto wa Uganda ilifuzu kwenda fainali za dunia za Little League huko Pennsylvania, ikanyimwa viza na Marekani, na mwaka uliofuata watoto wa Lugazi wakafika. Mrushaji humtupia mpigaji mpira. Mpigaji, mwenye gongo la mti mikononi, hujaribu kuupiga na kukimbilia vituo vinne vilivyopangwa kama pembe za mraba. Akiupiga ukaruka juu ya ukuta wa mwisho wa uwanja, huvizunguka vituo vyote kwa madaha, kwa kuwa hakuna wa kumzuia. Mpigo huo huitwa homurani, na hakuna kitu mashabiki hukipenda kuliko hicho.

Sasa, umbali kati ya kituo na kituo ni ule ule kila mahali, lakini umbali wa kuta za nje katika enzi zile haukuamuliwa na sheria yoyote. Uliamuliwa na kiwanja kilichopatikana na barabara iliyopita. Huko Nicollet, ukuta wa kushoto ulikuwa futi 334 kutoka kwa mpigaji na wa katikati futi 432, vipimo vya kuheshimika kabisa. Ukuta wa kulia ndio uliokutana na Barabara ya Nicollet mapema mno: futi 279 na inchi kadhaa, karibu mita 85. Ligi kuu ilipokuja kuweka kanuni mwaka 1958, ilitaka viwanja vipya visiwe na ukuta wa pembeni ulio karibu kuliko futi 325. Wenye Nicollet Park walijaribu kuirekebisha hali kwa kuunyanyua ukuta huo hadi futi 30, lakini mpira uliopigwa juu haujali urefu wa uzio. Ulivuka, ukatua barabarani, na wenye maduka ya ng'ambo wakayahofia madirisha yao.

Mpigaji anayetumia mkono wa kushoto ndiye ambaye kwa kawaida huupeleka mpira upande wa kulia. Kwa hiyo ukuta ule haukuwa neema kwa wote. Uliwangoja watu wa aina fulani, na aliyeufaidi zaidi ni Joe Hauser wa Milwaukee. Hauser alikuwa amewahi kung'ara katika ligi kuu na timu ya Philadelphia hadi goti lake lilipovunjika mwaka 1925. Hakurudi tena kuwa alivyokuwa. Akashuka ligi ndogo, akafika Minneapolis, na mwaka 1933 akapiga homurani 69 katika msimu mmoja, idadi ambayo hakuna mchezaji wa kulipwa aliyekuwa ameifikia. Katika hizo 69, 50 alizipiga nyumbani Nicollet. Wachambuzi wa takwimu wamekuwa wakimkata Hauser kwa hesabu hiyo tangu siku ile, na si haki kabisa. Wapigaji wengi wa mkono wa kushoto walipita Nicollet katika miaka ile 60, na ukuta ulikuwa pale pale kwa wote. Aliyefika 69 ni mmoja.

Uwanja wa namna hii huzaa hekaya. Mashuhuri zaidi inamhusu Andy Oyler, mchezaji mfupi wa mwanzoni mwa karne ya 20, anayesemekana kupiga homurani fupi kuliko zote duniani. Siku ya mvua, mpira uligonga gongo lake ukazama matopeni hatua moja tu mbele yake. Wapinzani wakautafuta kila mahali isipokuwa hapo, na Oyler akavizunguka vituo vyote. Mwanahistoria Stew Thornley, ambaye amefanya kazi kubwa kuliko yeyote ya kuwaandika Wasagaji, aliifuatilia habari hii katika magazeti ya zama zile na hakuona ushahidi wake. Hekaya ingali inasimuliwa. Katika uwanja ambao mpira wa futi 280 ulihesabiwa kuwa shani, pengine watu walihitaji kuwa na mpigo wa kuucheka ukuta wao wenyewe.

Ng'ambo ya mto, Saint Paul nako kulikuwa na timu: Saints, yaani Watakatifu. Uwanja wao, Lexington Park, ulikuwa kinyume cha Nicollet karibu kwa kila kitu. Ukuta wake wa kulia ulikuwa zaidi ya futi 360, na uzio ulisimama juu ya tuta, hata mpigaji wa mkono wa kushoto aliyezoea ukarimu wa Minneapolis akifika huko alijiona mnyonge. Wasagaji na Watakatifu walicheza ligi moja tangu 1902, na katika sikukuu kubwa za majira ya joto walikuwa na desturi ya kukutana mara mbili kwa siku: asubuhi mji mmoja, alasiri mji wa pili, mashabiki wakivuka mto Mississippi kwa tramu kuwafuata. Ngumi zilirushwa mara nyingi, na mashabiki hawakuzihesabu kuwa aibu. Miji hii miwili huitwa pacha, lakini aliyeona pacha wakigombea titi moja ataelewa jinsi ilivyopendana.

Ligi hiyo, hata hivyo, ilikuwa ligi ndogo, na jambo hili ndilo kiini cha habari ya Nicollet. Ligi ndogo ni sebule ya kungojea. Vijana huketi humo wakisubiri kuitwa juu, na wazee waliokwisha kushushwa huketi humo wakitumaini kuitwa tena. Mashabiki hujua kwamba kila wampendaye ataondoka siku moja, na kwamba akibaki, kubaki kwake ni ishara kwamba kuna kitu hakikwenda sawa. Ted Williams alifika mwaka 1938 akiwa na umri wa miaka 19, baada ya Boston kumwona hajaiva. Alipiga kwa mkono wa kushoto. Msimu ulipokwisha alikuwa na homurani 43 na wastani wa .366, maana yake mapigo yenye mafanikio 366 katika kila majaribio 1,000, ambapo mapigo 300 tayari humfanya mtu aitwe hodari. Mwaka uliofuata alikuwa Boston, na hakushuka tena. Sebule ilimfaa, aliingia, akanywa chai, akaitwa.

Kulikuwa na watu ambao sebule yenyewe ilifungwa kwao. Bud Fowler, Mmarekani Mweusi, alicheza mwaka 1884 katika timu ya kulipwa ya Stillwater, mji mdogo usio mbali na Saint Paul; lakini kabla karne ile haijaisha, wenye timu kote nchini walikuwa wamekubaliana kimyakimya kutowaajiri watu weusi, na makubaliano hayo yasiyoandikwa yalidumu hadi 1946. Katika miji hii pacha, Weusi walijiundia timu zao: Colored Gophers wa Saint Paul na Keystones wa Minneapolis, ambao katika muongo wa kwanza wa karne ya 20 walikuwa timu za kuogopwa. Nicollet Park, yenye ukuta mfupi kuliko wote, haikuwa na nafasi ya mchezaji Mweusi katika timu ya nyumbani kwa miaka zaidi ya 50.

Mabadiliko yalianzia Saint Paul. Mei 1948 Brooklyn ilimpeleka Roy Campanella kwa Watakatifu, naye akawa mchezaji Mweusi wa kwanza katika ligi ile. Alicheza mechi 35, kisha akaitwa juu. Mwaka uliofuata, New York Giants, waliokuwa wamiliki wa Wasagaji tangu 1946, waliwaleta Minneapolis wachezaji wawili kutoka ligi za Weusi: mrushaji Dave Barnhill na Ray Dandridge, mlinzi wa kituo cha tatu.

Dandridge alizaliwa Richmond, Virginia, mwaka 1913. Alikuwa mfupi, mnene kiasi, mwenye matege yaliyompa umaarufu: watu walisema treni ingeweza kupita katikati ya miguu yake, lakini mpira, kamwe. Alikuwa amecheza katika ligi za Weusi na kwa miaka mingi Meksiko, ambako alilipwa vizuri na kuheshimiwa kuliko kwao. Alipofika Nicollet alikuwa akikaribia miaka 36, umri ambao wachezaji wengi wanauza vifaa vyao, na alipunguza umri wake kwa miaka kadhaa alipoulizwa. Katika msimu wa kwanza alipiga wastani wa zaidi ya .360. Mwaka 1950 Wasagaji wakatwaa ubingwa wa ligi, na Dandridge akatangazwa mchezaji bora wa ligi nzima. Mashabiki wa Minneapolis walimpenda, na mapenzi hayo hayakuwa ya uongo.

Mapenzi hayo, hata hivyo, yalikuwa na mpaka wake. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota, katika mradi uitwao Mapping Prejudice, wamezichambua hati za ardhi za Minneapolis na kuonyesha jinsi masharti ya ubaguzi yalivyoandikwa ndani yake tangu takriban 1910: nyumba hii isiuzwe kwa mtu asiye mweupe, wala asikodishiwe. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1948 kwamba masharti hayo hayawezi kutekelezwa kwa nguvu ya dola, na jimbo la Minnesota likapiga marufuku kuandikwa kwa mapya mwaka 1953. Kati ya tarehe hizo mbili ndipo Dandridge alipocheza. Mtu aliyeshangilia kila alipoudaka mpira wa kasi kwa mkono mtupu aliweza kurudi jioni kwenye nyumba ambayo hati yake ilimkataa Dandridge kwa maandishi.

Mwezi wa nne wa 1951 kijana wa miaka 19 kutoka Alabama akajiunga na timu. Jina lake Willie Mays. Alipiga kwa mkono wa kulia, na ukuta mfupi haukuwa upande wake. Lakini katika mechi 35, idadi ile ile ya Campanella, alifikisha wastani wa.477, jambo ambalo hata leo msomaji wa takwimu hulitazama mara mbili. Dandridge, mwenye umri wa kuweza kumzaa, alimlea na kumfunza. Mwishoni mwa Mei, timu ikiwa safarini Sioux City, Iowa, Mays alifuatwa ndani ya jumba la sinema na kuambiwa kwamba New York wanamtaka. Alisita. Alimwambia kocha wa Giants, Leo Durocher, kwa simu, kwamba hadhani ataweza kuwapiga warushaji wa ligi kuu, na Durocher akamwuliza wastani wake ni ngapi. Akaenda. Minneapolis ilihuzunika kiasi kwamba mmiliki wa Giants, Horace Stoneham, alilipia tangazo gazetini kuwaeleza mashabiki kwa nini amewachukulia mtoto wao, na kwamba kijana yule alistahili nafasi yake.

Kwa Dandridge hakukuwa na tangazo. Alibaki Nicollet hadi 1952, akiwatazama wenzake wakiitwa mmoja baada ya mwingine. Sababu zilizotolewa zilikuwa za umri, na umri kweli ulikuwa mkubwa. Lakini Giants walikuwa tayari na wachezaji Weusi kadhaa, na watu wengi wa zama zile waliamini kwamba kila timu ilikuwa na idadi yake isiyotajwa, ambayo ikishajaa mlango hurudishwa. Pia alikuwa na faida kubwa pale pale alipokuwa, kwa kuwa watu walilipa viingilio kumwona. Uzeeni alisema kwamba angetosheka na muda mfupi tu katika ligi kuu, hata wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa. Hakuupata.

Nicollet Park yenyewe nayo ilikuwa ikingojea. Kufikia miaka ya 1950 wakubwa wa Minneapolis hawakutaka tena kuwa mji wa ligi ndogo, na ilikuwa dhahiri kwamba hakuna timu ya ligi kuu itakayokubali viti 10,000 vya mbao na ukuta wa futi 279. Uwanja mpya ukaanza kujengwa Bloomington, nje ya mji. Tarehe 28 Septemba 1955, katika mchezo wa saba na wa mwisho wa fainali ya ligi ndogo, Wasagaji waliwashinda Rochester wakatwaa kombe hilo kwa mara ya kwanza. Haukuchezwa mchezo mwingine. Viti viling'olewa, na benki ikajengwa.

Uwanja wa Bloomington ulipata ulichokingojea mwaka 1961, pale Calvin Griffith alipoihamisha timu yake ya ligi kuu kutoka Washington na kuiita Twins, yaani Pacha. Wasagaji na Watakatifu wote wawili wakavunjwa. (Uwanja huo nao ulibomolewa, mahali pake ni Mall of America, ambapo wageni hupiga picha chini ya kiti chekundu kilichotundikwa ukutani, juu ya maji ya michezo ya watoto, kuonyesha homurani ya Harmon Killebrew ya 1967 ilikoangukia. Wachache hujua wanachokitazama.) Kwa miaka 17 haikujulikana hadharani kwa nini Griffith aliichagua Minnesota. Kisha mwaka 1978, akizungumza na wanachama wa klabu moja katika mji mdogo wa Waseca, bila kujua kwamba mwandishi wa habari alikuwa ukumbini, alieleza mwenyewe: alikuja alipogundua kwamba watu weusi wa huko hawazidi 15,000. Nyota wa timu yake, Rod Carew, Mweusi aliyezaliwa Panama, hakuichezea Twins tena.

Mambo yaliyobaki ya habari hii yalitokea ndani ya mwaka mmoja. Mei 2020, baada ya polisi wa Minneapolis kumwua George Floyd, sehemu ndefu ya Barabara ya Lake iliteketea, na benki iliyosimama mahali pa Nicollet Park ikawaka pamoja nayo. Tarehe 19 Juni, Twins waliing'oa sanamu ya Calvin Griffith iliyokuwa nje ya uwanja wao wa sasa, Target Field, uwanja unaotazamana na kiwanja kile kile cha Athletic Park ambacho Wasagaji walifukuzwa mwaka 1896. Na mwezi Desemba, uongozi wa ligi kuu ulitangaza kwamba ligi za Weusi za kuanzia 1920 hadi 1948 zitahesabiwa kuwa ligi kuu, na takwimu za wachezaji wake kuingizwa katika kumbukumbu rasmi.

Ray Dandridge alikuwa ameingizwa katika Jumba la Mashuhuri huko Cooperstown mwaka 1987, akiwa na umri wa miaka 73, na mbele ya umati akauliza kwa nini walichelewa hivyo. Alifariki mwaka 1994. Kwa uamuzi wa 2020, miaka 26 baada ya kuzikwa, alihesabiwa kuwa mchezaji wa ligi kuu kwa misimu aliyoicheza na timu za Newark akiwa kijana. Misimu minne ya Nicollet, ikiwemo ule uliompa heshima ya mchezaji bora, ingali imeandikwa chini ya ligi ndogo.